Je, Asiye na Upande ni Mwongo?

"Usinidanganye, mwanangu. Mtu asiye na upande hajazaliwa. Hata maji yana upande yanakoteremkia."

Maneno haya niliambiwa na mama mmoja muuza vitumbua, asubuhi moja ya mwezi Machi 2024, nikiwa nimesimama mbele ya jiko lake na daftari kwapani. Nilikuwa nimemwamkia, nimenunua vitumbua vitatu, kisha nikamwomba ajiunge na kikundi chetu cha wakazi wa mtaa. Nikamweleza kwa fahari kwamba kikundi chetu hakina chama, hakipendelei wala hakichukii, hakina upande wowote. Yeye akageuza vitumbua kimoja kimoja, akafuta jasho kwa ncha ya khanga, akanijibu hivyo.

Nilicheka. Lakini kicheko kile, mpenzi msomaji, kilikuwa cha mtu aliyekosa jibu. Leo nataka kumjibu.

Kwanza niseme mimi ni nani, maana swali la upande halijibiwi na mtu aliyejificha. Ni kijana wa miaka 26. Nilimaliza kidato cha nne nikapata daraja ambalo sipendi kulitaja mbele za watu. Riziki yangu naipata katika kibanda cha steshenari, nachapa barua za watu na kutoa fotokopi. Usiku naandika hadithi ndefu ambayo imekwisha jaza kaunta buku tatu na bado mhusika mkuu hajafika mjini. Kwa ufupi, ni mmoja wenu.

Mtaa wetu uko ukingoni mwa bonde la Msimbazi, hapa Dar es Salaam. Anayeishi huku hahitaji kuelezwa mvua ni nini. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu katika jiji hili, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Sisi tuliobaki juu kidogo ya bonde tunaishi kwa kutazama mawingu. Mvua ikinyesha nusu saa, mtaro mkubwa wa mtaa hufurika, na maji meusi hupita mlango wa mbele yakatokea wa nyuma kama mgeni aliyezoea nyumba.

Kijiwe chetu kipo chini ya mkungu, karibu na mtaro huo huo. Mjadala wa mtaro ulikuwa wa kila siku, na kila siku ulikufa kwa namna moja. Mmoja akisema mtaro umeziba, wa pili anauliza, "Kwani ulipochagua chama chako hukujua?" Wa tatu anatetea, wa nne anatukana, na baada ya dakika kumi hakuna anayezungumzia mtaro tena. Watu wanagombana juu ya kofia na fulana, takataka zinaendelea kujaa.

Jioni moja, washikaji wakiwa wamefikia hatua ya kushikana mashati, fundi redio wetu akainua uso toka kwenye waya zake. Kaka huyu si mtu wa maneno mengi. Akauliza, "Jamani, maji yakiingia ndani yanauliza kadi?"

Kikundi chetu kilianzia kwenye swali hilo. Tulikuwa watu 11 siku ya kwanza. Tukakubaliana mchango wa shilingi 1,000 kwa mwezi, na masharti matatu: hatukutani kwenye tawi la chama chochote, siku ya kikao hakuna kofia wala fulana ya chama, na swali atakaloulizwa kiongozi au mgombea mmoja, wataulizwa wote. Mimi nikapewa ukatibu, eti kwa sababu "mwandishi" lazima ajue kuandika muhtasari.

Tulipokwenda ofisi ya serikali ya mtaa kujitambulisha tulipokelewa vizuri, tukapewa na benchi. "Kikundi cha mkopo, siyo?" tukaulizwa. Swali lilikuwa la haki. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kijana anayeingia ofisini na karatasi ya majina, mara nyingi ndicho anachotafuta. Nikajibu, "Hapana, mzee. Hatuombi mkopo. Tunaomba kusomewa mapato na matumizi ya mtaa, hasa michango ya mtaro."

Kalamu ikawekwa mezani. "Nani amewatuma?"

Hebu tulitafakari swali hilo. Kwa nini kijana akiuliza habari ya shilingi alizochanga yeye mwenyewe, lazima awe ametumwa?

Nadhani jibu limo katika historia yetu. Chama cha Waafrika kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, ambacho baadaye kiliitwa TAA, kilikuwa chama cha makarani, walimu na watu wa mjini waliokutana kwa ajili ya maslahi yao na ustawi wao. Mwaka 1954 kikazaa TANU. Kwa hiyo mzee wa Kitanzania akiona vijana wamekaa na daftari, ana sababu ya kujiuliza daftari hilo litazaa nini. Kisha tukawa na chama kimoja kwa sheria tangu 1965. Balozi wa nyumba kumi alikuwa mtu wa chama, na ndiye aliyejua nani amelala kwa nani, nani ana mgeni, nani amefiwa. Ujirani na chama vilikuwa chungu kimoja. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchi nzima kuuliza maoni, takriban watu wanane katika kila kumi walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee. Vyama vingi vikarudi kisheria Julai 1992, lakini je, ile picha ya kwamba kila mkusanyiko una chama nyuma yake ilifutika? La hasha! Iligawanyika tu. Zamani tuliuliza, "Wewe ni mwenzetu?" Sasa tunauliza, "Wewe ni wa wapi?"

Hata sheria inamtazama asiye na chama kama mtu ambaye hajakamilika. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, kama katika chaguzi zilizotangulia, mtu hakuweza kugombea hata uenyekiti wa mtaa bila kudhaminiwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo la mgombea binafsi mahakamani kwa miaka mingi, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitamka kwamba katazo hilo linavunja haki. Mwenyewe alifariki mwaka 2015 kabla ya kuona lolote limebadilika.

Lakini Katiba hiyo hiyo, katika Ibara ya 18, inampa raia haki ya kupewa habari juu ya mambo muhimu kwa maisha yake, na katika Ibara ya 21 haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomgusa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aonyeshe kadi kwanza. Nilizichapa ibara hizo kwa herufi kubwa, nikatoa fotokopi 20 kwa karatasi za kibanda (bosi wangu akisoma hapa anisamehe), nikazigawa.

Watu walizisoma, wakazikunja, wakazitia mfukoni. Wengi hawakuja. Dada mmoja aliniambia ukweli ambao haumo katika Katiba: "Mdogo wangu, nikifungua akaunti benki nahitaji barua ya mtaa. Mwanangu akishikwa polisi, nahitaji barua ya mtaa. Nikikaa na nyie, kesho nani atanigongea muhuri?" Sikuwa na la kumjibu. Ushujaa ni rahisi kwa mtu asiyehitaji muhuri.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kuruka, lakini nikiruka makala hii itakuwa ya uongo.

Uchaguzi ulipokaribia tuliamua kuita mkutano wa wagombea wote wa uenyekiti. Tulikaa kikao tukatunga maswali matano. Swali la nne lilihusu mtaro: fedha zilizochangwa na wakazi mwaka 2023 zilikuwa kiasi gani, na ziko wapi? Nikaagizwa niyachape.

Wiki hiyo hiyo mgombea mmoja alikuja kibandani. Chama chake sikitaji, kwa sababu ninayeshitakiwa hapa ni mimi. Alileta kazi ya kutoa fotokopi za picha yake, kazi halali kabisa. Wakati mashine inanguruma, macho yake yakaangukia kaunta buku zangu.

"Kumbe wewe ni mtunzi?"

"Najaribu, mzee."

Akafungua, akasoma ukurasa mzima. Akacheka mahali panapochekesha! Msomaji, wewe unayeandika unajua maana yake. Miaka minne hakuna mtu aliyewahi kucheka mahali nilipotaka acheke. Akaniuliza kitabu kinachapishwa kwa shilingi ngapi. Nikamtajia. Akasema, "Mambo hayo ni madogo. Nina jamaa ana mashine. Uchaguzi upite, tutazungumza." Akalipa kazi yake, akaacha na noti tano za elfu kumi kumi juu ya meza. "Hiyo ya soda."

Hakuniomba kitu. Naomba uamini, kwa sababu ndiyo kiini cha habari yangu. Hakuniomba kitu chochote.

Usiku nikakaa kuchapa maswali. Nilipofika la nne nikasimama. Huyu bwana alikuwa miongoni mwa waliokusanya michango ile. Nikajiambia swali lilivyo ni kali mno, litaleta fujo, sisi si polisi, ni watu wa kujenga. Nikalifuta, nikaandika, "Una mpango gani kuhusu mtaro wa mtaa wetu?" Likawa swali zuri, lenye adabu. Na tazama, sikuvunja sharti hata moja! Wagombea wote waliulizwa swali lile lile. Wote wakapewa dakika kumi kumi. Wote wakaeleza mipango yao, na wote walikuwa nayo mizuri.

Mkutano ulikuwa karibu kufungwa pale yule mama wa vitumbua aliposimama. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye ndoo iliyofunikwa. "Katibu," akasema, "lile swali la michango limekwenda wapi? Mimi nilitoa elfu mbili."

Nikajibu, "Limeunganishwa na hilo la mipango, mama."

Hakusema tena. Alinitazama kidogo, akakaa.

Mpenzi msomaji, usiku ule sikulala. Nilijaribu kujitetea kwa hoja zote ninazozijua. Mimi sina kadi. Sijawahi kuvaa fulana ya chama, hata ya kulalia. Yule bwana simpendi wala simchukii, na kura yangu nilikuwa sijaamua. Kwa kipimo chochote nilikuwa yule mtu asiye na upande niliyemtangaza mtaani kote. Na bado nilikuwa nimewauza wenzangu.

Halafu nikamkumbuka fundi redio. Kaka yule ana kadi ya chama, anayo zaidi ya miaka kumi, na mtaa mzima unajua. Katika mkutano ule ule ndiye aliyemkaba mgombea wa chama chake mwenyewe juu ya ahadi za miaka mitano iliyopita, mpaka jasho likamtoka. Sasa nani kati yetu hakuwa na upande: mimi nisiye na kadi niliyefuta swali, au yeye mwenye kadi aliyeliuliza?

Hapo nikaanza kuona kosa letu. Tulidhani kutokuwa na upande ni hali ya moyo. Kana kwamba mtu anaweza kujisafisha mapenzi yote, akabaki mweupe kama sahani. Mambo hayako hivyo. Refa wa mechi ya Simba na Yanga amezaliwa nchi hii hii, na huenda utotoni alikuwa na timu. Hatumtaki aturuhusu kupekua moyo wake; tunamtaka filimbi yake ilie sawa kwa pande zote. Mwalimu Nyerere alilisema jambo linalokaribia hilo katika kijitabu chake cha *Tujisahihishe* cha mwaka 1962. Alikuwa akiwaandikia wanachama wenzake, watu wenye upande wao wazi kabisa, akiwaonya wasiipime hoja kwa kumtazama aliyeisema. Kumbe mtu anaweza kuwa ndani ya chama na bado akaupa ukweli nafasi yake. Na mtu anaweza kuwa nje ya vyama vyote akauficha ukweli kwa ajili ya kaunta buku tatu.

Utaniambia mfano wa refa una tundu. Refa mpira ukiisha anakwenda kwao, sisi tunalala kando ya mtaro. Ni kweli. Na tena kipimo cha "kuwauliza wote sawa", ambacho mimi nilikitegemea, nacho kina tundu, kubwa zaidi. Swali moja kwa wote linaweza kumpendelea mmoja wao, kwa lile lililoachwa. Hili sisi tunaoandika tunapaswa kulijua kuliko wengine. Tunapenda kusema, "Mimi ni msanii, siasa si zangu." Lakini mwandishi huchagua upande kila anapokata mstari. Msomaji anaona kilichobaki tu. Kilichokatwa anakijua mwandishi na Mungu wake, na mara moja moja mama aliyetoa elfu mbili.

Kwa hiyo jibu langu kwa mama ni hili: ulisema kweli, mtu asiye na upande hajazaliwa. Lakini wapo watu wanaoweza kukubaliana kuuweka upande wa kila mmoja mezani, mahali wote wanapouona, kisha wakaulinda mtaro. Watu wa namna hiyo wakijiita hawana upande hawadanganyi, mradi wakumbuke kwamba hiyo ni kazi ya kufanywa upya kila kikao. Uongo unaanza pale mtu anapodhani ameshaimaliza.

Kikao kilichofuata nilisoma muhtasari. Desturi ya muhtasari ni kwamba katibu hajitaji kwa "mimi". Basi niliandika na nikasoma kwa sauti: "Katibu aliarifu kuwa alipokea shilingi 50,000 kutoka kwa mgombea. Katibu alibadilisha swali la nne bila idhini ya kikao." Nimeandika kurasa nyingi za hadithi, nimewaua wahusika na kuwafufua. Sentensi mbili hizo ndizo nilizozitolea jasho kuliko zote.

Kukawa na kelele. Mmoja akataka nifukuzwe siku ile ile. Mwingine akauliza kama nyingine ilibaki, wagawane. Wengine wakasema nimejichongea bure, soda ni soda, takrima ni mila yetu. Mzee mmoja mstaafu akawakumbusha kwamba takrima iliwahi kuingizwa hata kwenye sheria ya uchaguzi mwaka 2000, na Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006, kwa sababu mwenye nacho na asiye nacho hawawezi kuwa sawa mahali penye pilau. Fundi redio akauliza swali moja tu: "Ungekuwa wewe huyo mama, ungetaka nini?" Wakanivua ukatibu, wakaniacha niwe mwanachama. Fedha nilizirudisha zote. Elfu kumi na nane nilikuwa nimeshakula, nikakopa kwa binamu. Yule bwana alizipokea akicheka. "Kijana, kwani nilikuomba kitu?" Kweli. Hakuniomba.

Tumeongeza masharti mawili. Maswali hubandikwa kwenye ukuta wa duka siku tatu kabla ya mkutano, na atakayetaka kufuta neno analifuta mbele ya watu. Na kila kikao hufunguliwa kwa kila mtu kusema amepokea nini, kutoka kwa nani, na ana kadi gani, kama anayo. Mwanzoni watu walicheka. Siku hizi mtu anasimama, anasema, "Mimi ni wa chama fulani, mwenyekiti ni shemeji yangu, swali langu ni hili." Ajabu ni kwamba maswali yamekuwa makali zaidi, na mashati hayashikwi tena.

Wewe unayetaka kuanzisha kikundi mtaani kwako huenda unasubiri nikuambie kama mtaro umejengwa. Haujajengwa. Tumezibua sehemu kwa majembe yetu, sehemu iliyobaki inahitaji zege na fedha. Karatasi moja ya mapato na matumizi ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, ina mistari sita na muhuri. Haitoshi. Lakini nilimwona mtoto wa shule amesimama mbele yake anajumlisha kwa vidole.

Mama wa vitumbua hajajiunga hadi leo. Anasema yeye ana upande wake na hataki kuuficha. Nimemweleza kwamba sasa hata sisi hatuufichi. Akasema atafikiri. Lakini kila kikao anakuja, anakaa nyuma kwenye ndoo yake, na muhtasari ukisomwa anatega sikio. Katibu mpya, binti wa kidato cha sita, aliniuliza juzi kwa nini hupenda kuandika rasimu mara mbili kabla ya kusoma.

Nikamwonyesha ile ndoo.